Chapa Ina Tabia Kama Mtu

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo walivyosema wazee wetu. Lakini tukikuta dukani sabuni mbili, bei moja na ubora mmoja, mbona mkono huiendea hii na kuiacha ile? Swali hili limekuwa kazi ya Bibi Jennifer Aaker, profesa wa elimu ya masoko katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani.

Bibi Aaker alianza kwa kusoma saikolojia, yaani elimu ya nafsi ya mtu, kisha akapata shahada ya udaktari mwaka 1995. Baba yake, David Aaker, alifundisha masoko huko Berkeley, naye ni mwandishi wa vitabu juu ya chapa, yaani jina na alama ya bidhaa. Mwaka 1997 binti alitoa makala iliyomletea sifa. Wamarekani 631 waliulizwa habari za chapa 37: kama chapa hii ingekuwa mtu, ingekuwa mtu wa namna gani? Majibu yao yalikusanyika katika tabia tano: unyofu, uchangamfu, umahiri, umaridadi na ukakamavu.

Je, ndivyo waonavyo watu wote duniani? Sivyo. Mwaka 2001 yeye na wenzake walieleza habari za Japani na Hispania. Katika Japani mahali pa ukakamavu palishikwa na utulivu. Katika Hispania utulivu ulionekana pia, na pamoja nao shauku. Basi auzaye ugenini hana budi kujifunza kwanza desturi za wenyeji.

Mwaka 2004, pamoja na Susan Fournier na Adam Brasel, alieleza jaribio lililofanywa katika intaneti kwa miezi miwili. Watu walitumia huduma ya kutunza picha. Wengine walisemeshwa kwa unyofu, kama na rafiki wa siku nyingi. Wengine kwa uchangamfu, kama na kijana mcheshi. Kisha baadhi yao waliambiwa ya kuwa picha zao zimefutwa kwa bahati mbaya. Baadaye wakaombwa radhi na kurudishiwa. Waliozoea sauti changamfu walisamehe, hata urafiki ukapata nguvu mpya. Waliozoea sauti nyofu, urafiki wao ulipoa, wala radhi haikuuponya. Kumbe anayeaminiwa zaidi ndiye anayeumiza zaidi akikosea!

Ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni na kufungua maduka, jambo hili lawahusu. Aandikaye neno "mwaminifu" juu ya mlango wake amejitwika mzigo, na mizani ikipunjwa mara moja tu, maneno matamu hayatamrudishia wateja. Nasi wanunuzi tukumbuke ya kuwa sauti ya kirafiki inayotujia katika simu imepangwa na wataalamu wanaoijua mioyo yetu. Tuisikilize, lakini tukipime kitu chenyewe kabla ya kufungua mfuko.