Amande ya kuparke na kosa halipo: kulipa ao kupinga?

Kati ya makosa yote ambayo polisi wa rulaji anaweza kumwandikia shofere, "kuparke mubaya" ndilo lenye kuleta mabishano mengi. Taa iliyokufa, kila mtu anaiona. Gurudumu lililokwisha, kila mtu analiona. Lakini kuparke mubaya mara nyingi ni neno la mtu mmoja juu ya neno la mwengine: gari ilikuwa imesimama, ndiyo, lakini kwa muda gani, kwa sababu gani, na pano iko wapi?

Mfano wenye kujirudia kila siku pembeni ya soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, ni huu. Taksi inasimama, mama anashuka na mifuko ya unga, shofere anatoka kumsaidia kuondoa mfuko wa mwisho nyuma ya gari. Anaporudi kwenye usukani, polisi amekwisha kuweka mkono kwenye mlango. "Papa, umeparke mubaya. Leta badokima." Shofere anajibu: "Shefu, nilisimama tu kidogo juu mama ashuke." Hakuna pano pale, na gari haikukaa hata dakika tatu. Lakini kitabu cha kuandikia kimekwisha kufunguliwa.

Amande yenyewe si kubwa, na ndiyo maana swali ni gumu. Ingekuwa kubwa, kila mtu angepigana. Lakini shofere wa taksi anapaswa kumpelekea patroni pesa yake jioni, kosa liwe lake ao lisiwe lake. Patroni wengi wanasema tu: "Ile njo mambo yako." Kila saa inayopita kwenye ofisi ya polisi ni saa ambayo gari haitembei. Mwenye gari yake ya nyumbani, ambaye ameomba ruhusa kazini, anahesabu namna ingine. Karatasi ni moja, lakini hasara si moja.

Mbele ya kuhesabu, ni vizuri kujua kama kosa liko ao haliko. Sheria ya barabara ya Congo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, namba 78/022. Mwaka mmoja mbele yake, mu 1977, nchi, wakati ule Zaire, ilikuwa imeingia katika mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya mwendo wa magari. Mapatano hayo yanatenganisha mambo mawili ambayo barabarani watu wanayachanganya. Gari inayosimama kwa muda wa kupandisha ao kushusha watu, ao kupakia na kupakua mizigo, imesimama tu. Kwa Kifaransa ni "arrêt". Gari inayobaki pale kupita muda huo imeegeshwa. Hiyo ndiyo "stationnement". Mama na mifuko yake ya unga wako katika neno la kwanza. Kama karatasi imeandikwa neno la pili, hapo shofere ana kitu cha kusema.

Pano nazo zinafuata mgawanyo huo. Zote mbili ni za duara, bulu ndani na nyekundu pembeni. Yenye mstari mmoja mwekundu inakataza kuegesha, lakini haikatazi kushusha mtu. Yenye mistari miwili inayokatana kama X inakataza hata kusimama kidogo. Mashofere wengi wanajua kwamba "pano inakataza", bila kuangalia mistari ni mingapi. Polisi wengine nao ni vilevile.

Lakini kuna mtego hapa, na wengi wanaanguka ndani yake: kusema "hakuna pano" si kinga kila mahali. Kuna mahali ambapo pano haihitajiki. Juu ya kivuko cha waendao kwa miguu, kwenye njia ya treni inapokata barabara, karibu na kona ao kilele cha mlima, ao mahali ambapo gari inaficha pano ingine ao taa za barabara, mtu hasimami hata kama mama ana mifuko kumi. Mwenye kupinga amande ya namna hiyo anapoteza siku yake bure, hata kama polisi alimsemesha vibaya.

Sasa, karatasi. Bila karatasi hakuna cha kupinga. Maneno ya barabarani, hata yawe makali namna gani, hayana namba, hayana tarehe, hayana jina. Amande ambayo polisi anaomba inaitwa amande transaksioneli, na msingi wake ni kanuni ya mashitaka ya jinai ya tarehe 6 Agosti 1959. Ile kanuni inaruhusu mwendesha mashitaka, na OPJ kwa makosa yaliyo katika mamlaka yake, kumwalika mtu alipe pesa kwenye hazina ya Serikali, kama anaona kwamba tribinali ingemkata amande tu. Pesa hiyo haiwezi kupita kiasi cha juu ambacho sheria inaweka kwa kosa lile. Mtu akilipa, kwa kawaida mambo yanaishia hapo.

Neno la kushika ni hilo: kumwalika. Haijakuwa hukumu. Mtu anaweza kukataa mwaliko, na akikataa, dosie inapaswa kwenda parke, kisha, kama parke inaona inafaa, tribinali ya amani. Hapo mlangoni, mtu anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Ni kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006. Tena polisi anayesimamisha magari kwenye rompuenti si lazima awe OPJ. Kumuuliza kwa heshima, "Shefu, OPJ ni nani, na karatasi iko wapi?" si matusi. Ni kuuliza njia.

Bei nayo ina historia yake. Sheria ya 1978 iliandikwa wakati pesa ya nchi ilikuwa zaire, na franka ya Congo ilikuja mu 1998. Kwa hiyo kiasi kilichoandikwa mule hakimsaidii shofere wa leo hata kidogo. Bei za sasa zinapangwa na maamuzi ya wakubwa wa Serikali, na shofere ana haki ya kuomba kuona ile iliyobandikwa ao iliyopigwa muhuri. Pale ambapo bei inashuka kadiri mtu anavyolalamika, leo dolari ishirini, kisha kumi, kisha "lete yako basi", hiyo si amande tena.

Juu ya nini makosa ya namna hii yanaandikwa sana? Si kila mara polisi ni mtu mubaya. Watafiti Raúl Sánchez de la Sierra, Kristof Titeca na wenzao, Wakongomani ndani yao, walichunguza polisi ya rulaji ya Kinshasa kwa karibu sana. Walikuta kwamba mapato yote ya ile polisi yalikuwa mara tano ya yale yanayotoka katika amande. Walikuta tena kwamba wakubwa wa ofisi wanaweka polisi kwenye rompuenti, kisha wanawadai kila siku hesabu ya mashofere wa kuleta ofisini. Utafiti ni wa Kinshasa. Shofere wa Lubumbashi anayeusoma hatashangaa sana.

Kitu kimoja kinatoka pale, na kinabadilisha namna ya kuamua. Ikiwa polisi ana hesabu ya kutimiza, kumweleza dakika kumi kwamba gari ilisimama tu kidogo ni kumwomba kitu ambacho pengine hana uhuru wa kutoa. Anajua tayari. Mabishano ya barabarani yanakula muda wa shofere, yanakusanya watu, yanapandisha hasira, na mara nyingi yanaongeza kosa lingine kwenye karatasi: kumkosea heshima polisi. Mwenye kutaka kupinga afadhali anyamaze pale, apige picha, kisha aongee mahali ambapo kuna mtu wa kuamua.

Kuna wale wanaochagua njia ya tatu, pesa ya fanta. Ni ya haraka, ni ndogo kuliko amande, na gari inaondoka. Hesabu yao inaeleweka. Lakini haiachi karatasi, na asiye na karatasi anaweza kusimamishwa tena kwenye rompuenti inayofuata kwa kosa lile lile. Tena sheria ya tarehe 29 Machi 2005 juu ya rushwa inampata anayetoa pamoja na anayepokea. Shofere ambaye hakuwa na kosa lolote saa tano, saa tano na robo analo, na hilo ni la kweli.

Inabaki basi kulipa kwa kitansi, ao kupinga. Kulipa kuna maana pale ambapo pesa ni ndogo kuliko kazi ya nusu siku, hakuna dokima iliyoshikwa, na kitansi kinatolewa mara moja. Mtu aliyelipa amande transaksioneli hakuhukumiwa na tribinali, kwa hiyo jina lake halichafuki kwa jambo hilo. Inauma kulipa kosa la bure, lakini kuna siku ambapo kuuma huko ni bei ndogo kuliko siku mbili bila kazi na watoto nyumbani wanaongojea.

Kupinga kuna maana pale ambapo mambo yenyewe yanakataa kuwa madogo. Permi ao karte rozi imeshikwa, na kila siku bila hiyo ni hatari ya amande ingine. Gari imepelekwa furieri, na pesa ya kuilinda inapanda kila usiku. Ao shofere yule yule ameandikwa mara ya tatu mahali pamoja, ambapo anashusha watu kila siku. Huyu akilipa leo, amekubali kulipa na wiki ijayo. Hapo nusu siku iliyopotea inanunua kitu.

Kuna wanaosema: acha tu, itajifia. Kwa sehemu wana haki. Kanuni ya jinai inasema kosa linaloadhibiwa kwa amande tu haliwezi kufuatwa tena baada ya mwaka mmoja, kama hakuna kitendo cha uchunguzi kilichofanyika katikati. Lakini kunyamaza hakurudishi permi iliyo katika droo ya mtu. Ukimya unafaa kwa mwenye dokima zake zote mkononi, na hata huyo, shauri lake atalijua tu siku ile atakapoitwa.

Lingine la kuangalia ni nani aliyeandika. Si kila karatasi ya parking ni ya polisi. Kuna watu wa meri wanaolipisha mahali pa kuegesha gari, na hiyo ni takse, si amande. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema takse inawekwa na sheria tu, na sheria ya tarehe 13 Machi 2018 inaorodhesha takse ambazo mikoa na miji inaweza kudai. Hapo anayedai anapaswa kuonyesha noti ya persepsio, na malalamiko yanapelekwa kwenye ofisi iliyoitoa, si kwa OPJ. Wengi wanapoteza siku nzima kwa sababu walianza kwenye mlango usio wao.

Kwa anayeamua kupinga, siku ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Picha ya gari ilivyosimama, na pande mbili za barabara ili ionekane kama kuna pano ao hakuna. Simu inaweka saa yenyewe. Namba ya simu ya abiria aliyeshuka, kama anakubali. Namba ya karatasi na jina la aliyeandika. Kisha barua fupi kwa mkubwa wa polisi ya rulaji, na kopi kwa parke. Barua ndefu yenye hasira haisomwi; mistari kumi inatosha: wapi, saa ngapi, gari ilifanya nini, karatasi inasema nini, na kitu gani kinaombwa. Wengi wanaipigisha kwa Kifaransa kwenye sekretaria pabliki, kwa sababu ofisi zinafanya kazi katika lugha hiyo. Pesa ya kupigisha na ya fotokopi iingie katika hesabu toka mwanzo. Na kopi moja lazima irudi na muhuri wa kupokelewa, maana barua isiyo na muhuri ofisini haikufika.

Hata hivyo, kosa linalojirudia mahali pamoja si shauri la mtu mmoja. Pano iliyoanguka mbele ya soko, ao mahali pa kushushia watu ambapo hapajawahi kuandikwa chini, vitaendelea kuzaa karatasi kila asubui, hata kama shofere mmoja ameshinda yake. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake ao pamoja na wengine, na mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu. Tena hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu aliandika. Chama cha mashofere, ACCO, kinaweza kubeba barua ya namna hiyo kikiwa na picha na karatasi za mashofere kumi na tano wa mahali pamoja. Kwa hiyo hata yule aliyeamua kulipa juu hakuwa na nusu siku ya kupoteza, afadhali ashike kitansi chake na kopi ya karatasi, aviweke katika mfuko wa plastiki pamoja na dokima za gari, mpaka siku chama kitakapoviomba.