MAFURIKO YAKIISHA, NANI ATASEMA MAJI NI SALAMA?

Mafuriko yakibomoa mradi wa maji, sisi hukimbilia kununua paipu na kuita fundi. Ni vizuri. Lakini kuna kazi ambayo fundi hawezi kuifanyia kamati: kuwaambia watu ukweli mpaka maji yawe salama.

Tutazame mji wa Des Moines, Marekani. Tarehe 11 Julai 1993 mto Raccoon ulipita juu ya ukingo ukazamisha mitambo ya maji. Watu 250,000 wakakosa maji ya mfereji. Meneja wa shirika la maji, L.D. McMullen, hakujificha ofisini. Mara kwa mara alijitokeza mwenyewe kueleza kazi imefika wapi na ni nini bado.

Baada ya siku kama 12 maji yakaanza kutoka. Hapo ndipo penye hatari. Watu wamechoka, na maji yanaonekana safi. Lakini paipu ikikaa tupu, uchafu huingia kupitia nyufa na viungo. Lazima ijazwe, isafishwe, itiwe klorini, halafu maji yapimwe. Kwa hiyo watu waliambiwa wazi: msinywe bado. Wakangoja karibu wiki nyingine. Baadaye ukingo ukainuliwa.

Sisi hapa tunakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kipindupindu kilichoenea nchini. Basi kamati ya maji ifanye hivi:

1. Ichague msemaji mmoja. Kila mtu akisema lake, uvumi utashinda.

2. Itoe habari siku maalum, kwa mfano siku ya soko au kwenye baraza la chifu. Hata kama hakuna jipya, iseme hivyo.

3. Mweka hazina asome hesabu mbele ya watu. Mkinyamaza, watasema pesa zimeliwa.

4. Mpaka afisa wa afya ya umma athibitishe maji, itangaze: chemsheni au tieni dawa. Isiogope kelele za wenye haraka. Afadhali kulaumiwa wiki moja kuliko kuzika mtoto.

Maswali ya kujadiliana

• Mafuriko yakija kesho, nani atasema kwa niaba ya kamati yetu?

• Tunajua afisa wa afya anapatikana wapi?

• Je, kisima au pampu yetu inaweza kuinuliwa au kukingwa kabla ya mvua nyingine?