Motokaa Kuukuu ya Jamaa Nzima

Mtu afikaye Nyamisati wakati wa maji kupwa huziona mashua zimelala ubavu juu ya tope, na fundi amechuchumaa chini ya mojawapo akiigonga kwa nyundo ya mti. Haigongi ili aivunje, bali aisikilize. Ubao mzima hujibu kwa sauti kavu. Ubao uliooza hujibu kwa sauti iliyokufa. Akiisikia sauti hiyo ya pili, fundi huung'oa ubao ule, hata kama rangi yake yang'aa. Baada ya hapo ndipo apigapo kalafati kwa pamba na mafuta, akapaka deheni chini, na mashua ikarudi majini kuchukua watu na mizigo yao katika mito ya delta.

Tumeanza na mashua kwa kuwa twataka kusema habari za motokaa, na hasa zile ndefu za Kimarekani zenye viti vya watu wengi na nafasi ya mizigo nyuma, ziitwazo steshenwagoni. Wako watu wapendao kuzifufua motokaa hizi zilizo kuukuu, ili ziwachukue wake zao na watoto wao. Kazi hii ni njema, lakini ina hatari yake. Na hatari hiyo fundi wa mashua aijua kuliko mpiga rangi.

Kwanza tuseme asili yake. Jina lenyewe latoka katika stesheni za gari la moshi. Huko Marekani wenye hoteli walihitaji gari la kuwapokea wageni stesheni pamoja na masanduku yao. Basi walinunua chasisi ya Ford yenye injini na magurudumu, wakampelekea seremala, naye akaijengea juu yake chumba cha mbao chenye mabenchi. Mwaka 1923 motokaa ya namna hiyo iliuzwa kwa jina la Star ikiwa imekwisha kutengenezwa, na mwaka 1929 Ford nao wakaanza kuuza ya kwao, ambayo mbao zake zilitoka katika misitu yao ya Iron Mountain, jimbo la Michigan. Mwaka 1946 kiwanda cha Willys-Overland, kilichokuwa kimetengeneza Jeep za vita, kilitoa steshenwagoni ya chuma kitupu, iliyochorwa na Brooks Stevens. Ilichukua watu saba, na ubavuni ilipigwa rangi ya kuigiza mbao, maana wanunuzi walikuwa wamezoea kuona mbao. Mwaka 1953 Buick walitoa steshenwagoni ya mwisho ya Marekani yenye mbao za kweli katika bodi yake.

Afrika ya Mashariki nayo ilikuwa na ndugu wa motokaa hizo. Katika miaka ya 1920 na 1930 wengi walipenda chasisi za Kimarekani, kama vile Ford na Chevrolet, kwa kuwa zilikuwa na nguvu, na matumbo yake yalikuwa juu ya mawe na matope. Mafundi wa mijini walizijengea nyuma sanduku la mbao la kuchukulia watu na vitu, zikaitwa boksibodi. Kwa hiyo kumpa seremala motokaa si jambo geni kwetu.

Sasa na tutoe mfano. Tuwaze nyumba moja ya Kibiti ambayo baba mwenye nyumba ameachiwa na mjomba wake steshenwagoni ya Willys ya kabla ya mwaka 1955. Imekaa miaka mingi chini ya mkorosho, kuku wametaga katika kiti cha nyuma, na magurudumu yamezama mchangani. Baba yule, kwa furaha yake, amtuma kijana kununua rangi. Watu wamemwambia kwamba kwa juma moja motokaa itakuwa mpya, na yeye amekwisha kuwaahidi watoto kwenda Ikwiriri arusini.

Mkewe amwuliza, "Baba watoto, breki zake zashika?"

"Mama watoto, injini imekwisha kuwaka. Kama yawaka, itakwenda."

"Kwenda nimekusikia. Nimeuliza kusimama."

Baba hana jibu. Ndipo babu, aliyekuwa fundi wa mashua ujanani mwake, aombapo nyundo yake. Ajiinamisha chini ya motokaa na kuigonga chasisi kidogo kidogo, kutoka mbele mpaka nyuma. Mahali pawili pajibu kama kengele. Mahali pa tatu, karibu na gurudumu la nyuma, nyundo yatoboa chuma na kuingia ndani, na kutu yamwagika kama unga.

"Mwanangu," asema babu, "mimi nimeona mashua iliyopakwa rangi nzuri juu ya ubao mbovu. Rangi haikuzama. Waliozama ni watu."

Wasomaji, neno hilo ndilo kiini cha habari yetu. Motokaa ya kuangaliwa yaweza kuanza kwa rangi. Motokaa ya kuchukulia watoto huanza kwa yale yasiyoonekana. Na utaratibu wake ni huu.

Jambo la kwanza ni fedha, na shauri la nyumba. Mume na mke waketi pamoja na daftari, waandike karo za shule, chakula, dawa na mbegu. Kitakachobaki ndicho cha motokaa. Ikiwa hakibaki kitu, motokaa na ikae chini ya mkorosho mwaka mwingine, imefunikwa. Aliyekopa ili afufue chuma huweza kukiuza chuma kile kabla hajakipanda, na deni likabaki. Na aliye na hamu ya kuagiza motokaa ya namna hii kutoka ng'ambo ajue kwamba serikali hutoza magari ya zamani ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu.

Jambo la pili ni chasisi. Yenyewe ni mkuku wa motokaa. Palipoliwa na kutu pakatwe mpaka chuma kizima kionekane, kisha pachomelewe chuma kipya cha unene ule ule. Kuziba tundu kwa udongo wa kunyooshea bodi na kupaka rangi juu yake ni kujidanganya. Na sisi tukaao karibu na bahari tuna adui wa pekee, yaani chumvi. Motokaa iliyotoka katika tope la chumvi na ioshwe chini kwa maji baridi siku ile ile, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe.

Jambo la tatu ni breki, na hapa twamsihi msomaji asome polepole. Motokaa nyingi za kale zilivutwa breki kwa vyuma na kamba. Ford wenyewe walianza kutumia breki za mafuta katika motokaa zao za mwaka 1939. Willys ya mfano wetu ina breki za mafuta, lakini njia yake ni moja tu: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Tena mipira iliyo ndani ya silinda za breki hukauka na kupasuka hata gari lisipotembea. Kwa hiyo mabomba na mipira yote ibadilishwe, hata ile ionekanayo mizima. Wala asitie mtu mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki, kwa maana huivimbisha mipira na kuiharibu. Na dereva akiisha kupita katika maji, akanyage breki taratibu mara kadhaa huku akienda polepole, mpaka zikauke na kushika tena. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia sehemu nyingi za Rufiji na Kibiti. Asiyejua kanuni hii ameitafuta hatari.

Jambo la nne ni mikanda. Motokaa hizi zilitengenezwa kabla Marekani haijalazimisha mikanda katika motokaa mpya, jambo lililoanza mwaka 1968. Itiwe mikanda, nayo ifungwe kwa skrubu nene katika chuma chenye nguvu, si katika bati jembamba. Mtoto asiye na mkanda asipande. Wala asiwekwe nyuma pamoja na mizigo kama gunia la korosho.

Jambo la tano ni usukani na umeme. Usukani wa Kimarekani u kushoto, na sisi twaendesha upande wa kushoto wa barabara. Basi dereva hawezi kuona mbele anapotaka kulipita lori. Katika barabara ya Kilwa, yenye mabasi ya Lindi na Mtwara, dawa yake ni subira. Abakie nyuma ya lori, hata kama wenzake wampigia honi. Tena motokaa nyingi za Kimarekani za kabla ya mwaka 1955 zilikuwa na umeme wa volti 6, ambao taa zake ni hafifu. Mafundi wengi huugeuza uwe wa volti 12, ili betri na taa zipatikane kwa urahisi.

Na ikiwa motokaa ina bodi ya mbao, huko fundi wetu yuko nyumbani. Mbao za mninga au mkongo zafaa, maadamu zimenunuliwa kwa kibali. Viungo viangaliwe kila mwaka kabla ya masika, vanishi ipakwe upya, na gari lisilazwe juu ya udongo penye mchwa. Mikoko ya delta isikatwe ovyo kwa kazi hiyo. Ni msitu wa hifadhi, nao ni ukuta na malisho ya samaki wa watu wengi.

Turudi kwa mfano wetu. Arusi ya Ikwiriri imepita, na watoto walikwenda kwa basi, na mmoja alilia njia nzima. Lakini miezi kumi na minne baadaye chasisi ni nzima, breki zashika, mikanda saba imefungwa, na rangi ile iliyonunuliwa siku ya kwanza ingali katika mkebe wake. Motokaa ni ya rangi ya kutu na viraka. Siku ya safari ya kwanza baba amfungulia babu mlango wa mbele, nao waelekea kusini polepole mpaka daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo babu alikuwa akingoja pantoni pale Ndundu, pengine siku nzima.

Kabla ya kuingia darajani mama asema, "Simama kwanza."

Baba akanyaga breki, na motokaa yasimama, wala haivuti upande. Mama atazama nyuma, ahesabu watoto, kisha asema, "Haya, twende."

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: usiufunike ufa kwa rangi, hasa pale ambapo watoto wako wameketi nyuma yake.