Darubini ya kutazamia jua: chagua kichujio kabla ya darubini

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya, kuona mwezi ukikaa katikati ya jua na kuacha pete ya mwanga pembeni. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Litafunikwa lote katika maeneo ya Hispania, Afrika Kaskazini, Saudi Arabia, Yemen na Somalia. Kenya, Uganda na Tanzania tutaliona limemegwa upande, na walio kaskazini wataona limemegwa zaidi.

Huenda wewe ni mwalimu wa sayansi, au mna kikundi cha vijana mnaotaka kuchanga fedha mnunue darubini ya kwanza kwa siku hiyo. Kabla ya kutoa pesa, soma makala haya. Ukikosea hapa, si fedha tu zitakazopotea, bali pia macho ya watoto.

Hatari iko wapi?

Wengi wetu utotoni tulishika kioo cha kukuza juani tukachoma karatasi. Darubini hufanya kazi hiyo hiyo, ila penye karatasi panakaa jicho. Ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna utando unaoitwa retina, ambao hausikii maumivu. Mtu huungua bila kujua, na baada ya saa kadhaa au kesho yake ndipo anagundua doa katikati ya kila anachokitazama. Doa hilo linaweza kubaki maisha yote.

Kichujio hukaa mbele

Darubini ya kawaida inaweza kutumika kutazamia jua ikiwa tu ina kichujio maalumu cha jua. Kichujio hicho hufunika mdomo wa mbele, ule unaoelekea juani, ili mwanga upunguzwe kabla haujaingia ndani. Kile kinachofaa kwa macho hupitisha takriban sehemu moja tu kati ya 100,000 za mwanga.

Sasa angalia kosa lenyewe. Baadhi ya darubini za bei nafuu huuzwa na kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho, yaani ile unayochungulia. Hapo mwanga umeshakusanywa na ni mkali kama moto. Kioo hicho hupata joto na kinaweza kupasuka ghafla wakati mtu anachungulia. Ukikikuta ndani ya boksi, kivunje ukitupe, asije mtoto akakijaribu.

Miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua nayo ni ya macho matupu. Usiivae ukachungulia darubini isiyo na kichujio, kwa sababu mwanga uliokusanywa utaichoma. Picha za eksirei, miwani ya kawaida ya jua, kioo kilichopakwa masizi na kuangalia jua ndani ya beseni la maji, vyote havitoshi.

Darubini ipi?

Jua lina mwanga mwingi mno, hivyo huhitaji darubini kubwa. Inayotumia lenzi, yenye mdomo wa mbele wa milimita 60 au 70, inatosha. Ikiwa urefu wake wa kukusanya mwanga ni milimita 700 na lenzi ya jicho ni ya milimita 25, gawanya 700 kwa 25: itakuza mara 28, na jua zima litaonekana.

Usivutwe na maandishi ya boksi yanayosema inakuza mara 500. Darubini ya milimita 70 ikipita mara 140 hivi, picha huwa kubwa lakini yenye ukungu. Kagua stendi badala yake. Ikitikisika ukiigusa kwa kidole, hutaona kitu wala kupiga picha.

Siku ya kutazama

Inua kichujio kwenye mwanga ukikague. Kikiwa na tundu au mkwaruzo, usikitumie. Kifunge kwa utepe wa gundi ili upepo usikibandue. Darubini ndogo ya kulengea iliyo juu ya bomba ifunike kabisa au iondoe. Kulenga, tazama kivuli cha darubini ardhini: kikiwa kifupi kuliko vyote, umelielekea jua. Mtu mzima asiiache darubini hata dakika moja watoto wakiwa karibu.

Kupiga picha, kichujio kikiwa bado mbele, weka kamera ya simu kwenye lenzi ya jicho. Kishikio cha simu husaidia, kwani mkono hutetemeka. Gusa jua kwenye skrini, punguza mwangaza mpaka ukingo uonekane vizuri, kisha tumia kipima muda cha sekunde 3 ili kidole chako kisitikise picha.

Baada ya siku hiyo darubini bado ina kazi. Jua huwa na madoa meusi, na mengine ni makubwa kuliko dunia yetu. Wanafunzi wakiyachora kila siku wataona yanasogea, kwa sababu jua lenyewe linajizungusha.

Kama fedha hazitoshi

Mkipata pesa ya darubini bila pesa ya kichujio, subirini. Toboeni tundu dogo kwenye kadi, lipeni jua mgongo, na muache mwanga upite tunduni uangukie karatasi nyeupe. Mtaona umbo la jua lililomegwa. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani itachora vipande vya jua ardhini, na kila mtoto kijijini ataviona bila hatari yoyote.