Kipimo Kimesema Hapana

Mwanzoni mwa mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Watu walikesha kwenye foleni siku kadhaa wapate kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu Babu wa Loliondo. Bei ilikuwa shilingi 500. Walikuja wakulima, walikuja mawaziri, wengine walitoka Kenya. Majibu ya maabara hayakuulizwa.

Ni rahisi kuwacheka leo. Lakini Babu, aliyefariki Julai 2021, alikuwa na mambo ambayo mashine nyingi za hospitali hazina: bei yake ilijulikana, alieleza kwa maneno mepesi dawa imetoka wapi, na kila aliyefika aliwaona wenzake wakinywa. Ajabu ni kwamba baadhi ya waliokunywa, walipotaka kujua kama wamepona, walirudi kulekule hospitali kupima.

Wanaotilia shaka vipimo si wagonjwa peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliofanyika katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo cha haraka cha malaria kilisema hawana vimelea waliandikiwa dawa ya malaria vilevile.

Kipimo chenyewe hakina makuu. Tone la damu ya kidoleni, matone ya maji maalumu, kisha kusubiri kama robo saa. Mstari ukitokea kwenye herufi C peke yake, malaria haikuonekana. Ukitokea na wa pili kwenye T, ipo. Usipotokea wa C, kipimo kimeharibika, kinatupwa. Sasa tabibu ana mstari mmoja mkononi na mtoto anachemka mbele yake. Kipimo kimemwambia si malaria. Hakikumwambia ni nini. Mama naye ametembea tangu alfajiri na hataki kurudi mikono mitupu. Dawa mseto ya malaria inatoka, na yeyote aliyewahi kukaa upande ule wa meza anajua kwa nini.

Kuamini kipimo hutegemea na mahali. Mji wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, uko juu, kwenye baridi, ambako homa nyingi hazina uhusiano na mbu. Ukiteremka Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, mambo ni mengine. Tabibu aliyezoea kutibu kule bondeni atahitaji muda kuamini mstari mmoja wa huku juu.

Hapo Karatu ipo Hospitali ya FAME, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2008 chini ya daktari wa usingizi kutoka Marekani, Frank Artress, na mkewe Susan Gustafson. Siku hizi ina mashine ya CT skani, na madaktari wa mishipa ya fahamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huja kufanya kliniki pamoja na wenyeji. Miongoni mwa wagonjwa wao wapo wa kifafa, na kifafa ndicho mtihani hasa. Picha ya ubongo mara nyingi hutoka safi, na familia iliyokwishaambiwa ni mashetani huona imethibitishiwa. Lazima awepo mtu wa kuwaeleza, pengine kwa Kiiraqw au Kimaasai, kwamba picha safi haimaanishi hakuna ugonjwa, na kwamba vidonge humezwa kila siku hata kifafa kikitulia.

Haja ya maelezo haiishii kwenye kifafa. Kusini zaidi, Hospitali ya Haydom wilayani Mbulu ni miongoni mwa zilizojaribu kifaa kiitwacho Moyo, kinachofungwa tumboni mwa mama aliye katika uchungu ili kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto. Akina mama waliohojiwa Tanzania walisema kusikia mapigo hayo kuliwatuliza. Wapo pia waliolalamika kwamba hawakuelezwa vya kutosha kifaa ni cha nini. Baadaye Moyo kiliingizwa katika mpango mkubwa zaidi kwenye vituo 30 vya mikoa mitano, pamoja na mwanasesere ambaye wakunga humtumia kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumsaidia mtoto kupumua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000.