Mafundi wa Mitambo na Watu wa Kompyuta Waketi Meza Moja



Shehena inayofika Bandari ya Bujumbura imepita mikono mingi. Nyingine hushuka melini Dar es Salaam, ikapanda garimoshi hadi Kigoma, ndipo ikavuka Ziwa Tanganyika. Saruji na sukari ya Zambia huja kwa maji kutoka Mpulungu. Siku hizi mzigo huo hupita na kompyuta vilevile, kuanzia za bandari hadi za forodha yetu, OBR. Kompyuta ikizimika huko nyuma, kuli wa Buyenzi hukaa ukutani, na kibarua asiyebeba halipwi.

Hatusemi kutishana. Julai 2021 wahalifu waliingia katika kompyuta za Transnet, shirika linaloendesha bandari za Afrika Kusini. Bandari ya Durban ililemaa kwa siku kadhaa, kazi ikarudi kwenye karatasi na kalamu, malori yakapanga foleni. Bila kompyuta haikuwa rahisi kujua kontena lipi liko wapi na ni la nani.

Makazini kuna ugomvi ambao sisi wa chini hatuambiwi. Fundi wa mitambo amefundishwa kwamba mtambo usisimame ovyo wala usiumize mtu. Mtaalamu wa usalama wa kompyuta amefundishwa kufunga mlango mara aonapo mgeni. Wote wana haki. Lakini kompyuta ya ofisini ukiizima, hasara yake pengine ni barua moja. Winchi ikizimwa huku tani 20 zinaning'inia juu ya vichwa vyetu, hilo ni jambo jingine. Na fundi naye, akikataa kila badiliko kwa kuwa "mtambo unakwenda", huacha programu kuukuu kama nyumba isiyo na komeo. Mafundi wa namna hiyo tunawajua, na tunawapenda.

Tazameni yaliyotokea Petro Rabigh, kiwanda cha mafuta na kemikali huko Saudi Arabia, mwaka 2017. Mwezi wa Juni sehemu ya mitambo ilijizima yenyewe. Ikadhaniwa ni hitilafu ya mtambo tu, kazi ikaendelea. Agosti ikajizima tena. Hapo ndipo ilipogunduliwa programu ya adui ndani ya vidhibiti vya usalama, yaani vile vinavyozima mitambo kabla ya mlipuko au gesi ya sumu kuvuja. Ufunguo wa kidhibiti, ambao hugeuzwa kwa mkono, ulikuwa umeachwa mahali panaporuhusu programu kubadilishwa. Kuugeuza ni kazi ya mtu wa mitambo. Kujua hatari ya kuuacha vile ni elimu ya mtu wa kompyuta. Nani atamwambia mwenziwe, kama hawaketi pamoja? Na wanaofanya kazi kando ya mtambo huo ni wafanyakazi kama sisi.

Basi tunadai hivi. Kabla chombo chochote chenye kompyuta hakijafungwa gatini, mafundi, watu wa kompyuta na mjumbe wa makuli wakae pamoja. Iandikwe nani ana amri ya kuzima winchi, na kwamba mzigo ushushwe kwanza. Mwendesha winchi akiona mtambo unafanya asichouamuru, awe na mtu wa kumpigia simu, hata usiku wa manane, wala asikatwe mshahara kwa kusimamisha kazi. Na kompyuta zikizimika, siku hiyo kibarua aliyeitwa kazini alipwe.