Nyumba ya Magurudumu Ikifika Karungu

Anayetembelea nchi ya kigeni kwa gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko, tangi la maji na choo ndani yake, huahidiwa jambo moja kubwa: kwamba hatamtegemea mtu. Hatahitaji kuwahi hoteli kabla giza halijaingia, wala hatafunga na kufungua mizigo kila siku. Pakimpendeza, ndipo analala. Ahadi hiyo ni ya kweli nusu. Kinachofanya gari hilo liwe raha Ujerumani au New Zealand kiko nje yake, katika mabomba ya maji, maegesho na vituo vya kumwagia taka ambavyo nchi imevijenga na dereva amezoea kutoviona. Lipeleke Karungu, kwenye ghuba ya Ziwa Victoria katika kaunti ya Migori, Kenya, na msafiri yuleyule atawahitaji wenyeji zaidi kuliko mgeni aliyepanga chumba cha hoteli.

Tuanze na choo, ambacho matangazo ya biashara hukipitia haraka. Tangi lake dogo la kuchomoa hujaa kwa siku chache tu, familia ikiwa ndani. New Zealand ilitunga sheria mwaka 2023 kwamba gari linalotaka kuhesabiwa kuwa linajitosheleza lazima liwe na choo kilichofungwa imara, lakini sheria hiyo ina maana kwa sababu kuna mahali pa kukimwagia. Sori, mji wa ufuoni wa Karungu, haukujengwa kwa ajili ya magari haya. Kumwaga karibu na ziwa ni uovu, kwa kuwa watu huchota humo maji ya nyumbani. Kumwaga kwenye choo cha shimo bila kuuliza si uungwana, tena zile dawa kali za tangini huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi shimoni. Maji ya kutumia nayo yanataka mtu. Ziwa lina kichocho, kwa hiyo tangi la lita 100 hujazwa kwa madumu matano ya muuza maji, na asiyebeba faneli atamwaga nusu chini. Hata pa kuegesha si pa kujiamulia. Uwanja tambarare ulio karibu na maji, unaoonekana kama umetengewa gari, yaelekea ndipo wanawake wanapoanika omena waliovuliwa usiku kwa taa. Wa kuulizwa ni BMU, kamati inayosimamia ufuo na uvuvi, na jibu lao linafaa kupatikana kabla jua halijatua.

Kufika kwenyewe kuna gharama zake. Anayetoka Tanzania huvuka Sirari na Isebania, na gari lililosajiliwa mbali huenda likahitaji hati ya dhamana ya forodha, inayohakikisha kwamba lisipotoka nchini ushuru wake utalipwa. Bima ya nyumbani haisaidii. Eneo hili hutumia kadi ya njano ya COMESA, na Tanzania huitambua ingawa haimo tena katika jumuiya hiyo. Usukani ukiwa kushoto, dereva atakaa upande wa mtaro, na hataweza kulipita lori bila abiria wake kumchungulilia mbele. Barabara kuu ya kwenda Migori na Kisumu ina lami. Nje ya lami, udongo mweusi wa Nyatike ukinywa mvua hunata hadi gurudumu likazunguka mahali pamoja, na mto Kuja hufurika wakati wa masika. Gari la tani tatu na nusu lililokwama halichomoki kwa maarifa ya dereva. Vijana wa kijiji ndio watakaolisukuma, au mwenye trekta alivute.

Kuwategemea wenyeji hivyo si jambo geni Karungu. Mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza Felix Oswald alifika hapa kuchimba mabaki ya wanyama wa kale, miongoni mwao Deinotherium, jamaa wa tembo, yenye umri wa miaka milioni 17 hivi. Kitabu chake cha 1915 kinajitaja kuwa cha mtu aliyekuwa peke yake katika nchi ya malale. Peke yake, na wapagazi wamembebea hema na vyombo! Gari-nyumba limewaondoa wapagazi, lakini dhana ya kuwa peke yake imebaki palepale.

Kuna watakaosema basi afadhali matatu na bodaboda. Kwa kijana mwenye begi moja, ni kweli. Lakini familia yenye watoto wadogo, au mzee anayehitaji dawa zake zikae kwenye friji, hawezi kuzunguka hivyo, na vivutio vya huku vimetawanyika: Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila saruji na kuingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, na Hifadhi ya Ruma katika bonde la Lambwe, yenye swala aina ya korongo wasiopatikana kwingine Kenya. Kuwa na kitanda chako kunakuruhusu kukaa siku ya pili bila kuhesabu vyumba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba msafiri huyu haachi pesa, maana amekuja na chakula na malazi yake. Pingamizi hili lina nguvu pale anapojifungia ndani. Ila kila anachohitaji hapa, maji, ulinzi wa usiku, trekta, matumizi ya choo, kina bei, na shilingi hiyo humfikia mkononi aliyetoa huduma bila kupitia wakala wa Nairobi. Tatizo ni wageni wanaochukulia huduma hizo kama ukarimu wa bure, kwa sababu hakuna risiti.

Kwa hiyo asiye na haja ya kusafirisha gari kutoka Ulaya asilisafirishe. Nairobi hukodishwa magari ya magurudumu manne yenye hema juu ya paa, usukani kulia, ambayo hayahitaji dhamana ya forodha na hupita njia zitakazolishinda gari-nyumba. Aliye na gari kubwa tayari aliache Migori au Homa Bay mvua ikianza, apande bodaboda hadi ufuoni.